Pikipiki haina moto: CDI ihukumiwe mwisho

Katika karne ya 19, mzigo uliotoka Tabora kwenda Ujiji ulipanda mabegani mwa wapagazi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Leo, katika vijiji vya Urambo na Kaliua vilivyo mbali na stesheni, tumbaku na ndoo za asali hupanda pikipiki. Nyingi zina injini ya muundo wa Honda CG125, uliotoka mwaka 1976 na kuigwa sana China. Ikizimika porini, fundi wa kwanza ni dereva mwenyewe, na kosa lake la kawaida ni kukimbilia kununua CDI, kisanduku kinachoongoza umeme wa plagi.

Tufuate njia ya umeme. Katika CDI ya aina isiyotegemea betri, magneti ikizunguka, koili ya chaji huzalisha umeme ambao CDI huulimbikiza. Kinundu cha magneti kikipita mbele ya pulsa, yaani koili ndogo ya ishara, pulsa humwambia CDI wakati umefika. CDI huuachia umeme huo kwenye koili ya moto, nayo huupandisha hadi maelfu ya volti, plagi ikachoma.

Upimaji uanzie kwenye kisicho na gharama. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake na injini mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, kisha piga kiki. Hakuna cheche? Weka plagi nzima yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bado? Fungua kofia, kata kipande kidogo cha ncha ya waya iliyooza, uifunge tena.

Kipimo kinachofuata ndicho wengi hukiruka. Chomoa waya wa swichi unaoingia kwenye CDI. Kwa nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Kazi yake ni kuzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye fremu. Cheche ikirudi, mgonjwa ni swichi au waya uliochubuka, si CDI. Kagua pia waya wa kijani unaoshika fremu: kutu kidogo tu huweza kukata njia.

Sasa ndipo mita ya umeme iingie kazini, ipime pulsa, koili ya chaji na koili ya moto. Pikipiki inayozimika ikichemka na kuwaka ikipoa ipimwe ingali ya moto, kwa sababu uzi uliokatika ndani hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hugusana tena ukipoa. Ukipima asubuhi kwenye baridi, utadanganyika.

CDI yenyewe haipimiki kwa mita ya kawaida kwa uhakika. Hatia yake huthibitishwa vingine vyote vikishasafishwa, au kwa kuazima nzima ya mwenzako. Kabla ya kuiacha lami, beba plagi ya akiba, spana yake na kipande cha waya. Fedha ya CDI ibaki mfukoni mpaka ushahidi ukamilike.