Namba ya Sensa kwa Penseli

Tarehe 31 Oktoba 2022 tulitangaziwa kuwa Watanzania tupo 61,741,120. Wengi wetu tulishika milioni sitini na moja na ushei, tukaendelea na shughuli. Mwalimu mmoja mstaafu hapa Tukuyu hakuiacha hata tarakimu moja. Aliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda, akakaa barazani mvua ikimwagika, akaanza kuitafutia vigawo vyake tasa.

Ile sifuri ya mwisho ilimpa 10. Iliyobaki akaikata nusu mara tano, kama abanduaye magamba ya mgomba, mpaka akafikia 192,941, isiyokatika tena kwa mbili. Tarakimu zake ukizijumlisha ni 26, basi 3 haimo. Kisha alitoa 192 kwenye 941, akapata 749.

“Saba mara mia moja na saba,” alisema bila kuinua kichwa.

Huo ndio ufundi ninaouhusudu. Kwa kuwa 7 mara 11 mara 13 ni 1,001, anayelijua hilo huzipima zote tatu kwa kutoa mara moja tu. Akagawa 192,941 kwa 7, ikabaki 27,563. Akatoa 27 kwenye 563, ikaja 536: hamna saba, hamna kumi na moja, hamna kumi na tatu. Akajaribu 17, haikuingia. Akaja 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote kwa mgawanyo mrefu, baki zikipangwa pembeni kwa mwandiko uliotulia.

“Mwalimu, pengine hii yenyewe ni tasa.”

“Subiri, mwanangu.”

43 iliingia bila baki, mara 641.

Hapo aliweka penseli chini, akafurahi waziwazi. Katika karne ya 17 Mfaransa Fermat aliamini kwamba mbili kwa kipeo cha 32, ukiongeza moja, ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kuwa namba hiyo, 4,294,967,297, inagawanyika kwa 641. Kigawo kilichomkosoa Fermat kimo ndani ya hesabu yetu sisi, watu wa Rungwe pamoja na wa Pemba na Kigoma!

Hakuridhika mpaka alipojihakiki kwa kutoa tisa. Tarakimu za sensa zikijumlishwa ni 22, na za 22 ni 4. Jumla za tarakimu za vigawo, zikizidishwa, zikarudi kwenye 4 ileile.

Watu wa rika lake walikuwa na hesabu kichwani. Sasa sokoni muuza ndizi na mteja wake huinamia simu kwa ajili ya 7 mara 800, na vijana waliomaliza shule huniuliza kigawo tasa kina faida gani. Simu ingetoa vigawo vyote vya sensa kwa kufumba na kufumbua, lakini isingemwachia mtu ile 749, wala subira ya kupita 41 kwenda 43. Sensa ijayo itatangazwa redioni na kubandikwa ukutani. Nahofia hapa Tukuyu hatapatikana wa kuichukulia penseli.