Mto Usiosaga

Nimesoma The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o mara tatu, ya mwisho nikiwa nimeshaacha chuo, nasoma bila kuwazia mtihani. Mto Honia una kazi nyingi humo. Unatenganisha Kameno na Makuyu, unanywesha watu na mifugo, vijana wanatahiriwa kando yake. Lakini sijawahi kuuona ukisaga mahindi.

Kwangu hilo si pengo dogo. Riwaya ilitoka 1965, ila ugomvi wake wa tohara ya wasichana ni wa mwishoni mwa miaka ya 1920. Miaka hiyo na iliyofuata, vinu vya maji vilikuwa vinaenea kwenye mito ya Nyeri na Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na vingine vilikuwa vya Wagĩkũyũ wenyewe. Unachimba mfereji kutoka juu ya mto, unaelekeza maji kwenye gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe. Wateja wanalipa. Mama aliyezoea kuinamia jiwe la kusagia nyumbani sasa ana mahali pa kupeleka mahindi. Hebu mweke Nyambura kwenye foleni hiyo, na wanawake wa Kameno mbele yake, wote wametapakaa unga. Hapo ng'ambo mbili zingekutana bila mahubiri ya mtu. Ngũgĩ anawakutanisha kwa mapenzi na kwa kifo, na mimi naona amechagua njia rahisi.

Si yeye peke yake. Hadithi zetu za Hali ya Hatari zimejaa msitu na kambi za kizuizini, ni sawa, lakini bwawa la Sasumua lilikamilika 1956, hali hiyo haijaondolewa, maji yakaanza kushuka kwa mabomba hadi Nairobi. Nani ameliandikia riwaya? Ukitaka habari za vinu na mabwawa unaishia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, kwenye ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya. Huko kinu ni mstari mmoja kati ya kodi na barabara.

Desemba nilimtembelea shosho Murang'a. Jiwe la kinu, pana, lenye tundu katikati, ndilo ngazi ya mlango wake wa jikoni. Nimelikanyaga tangu utotoni.

"Shosho, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Si wewe huwa unauliza habari za msitu tu."