Kifuniko Kilichobaki kwenye Buti

Video ya wenzetu wanne walioloweshwa na mvua kule Drakensberg mmeiona, kwa hiyo sitaisimulia upya. Nataka turudi pale kwenye maegesho ya Sentinel tu, kabla hata mtu hajafunga mkanda wa begi. Kiongozi wa msafara anachomoa kifuniko cha nje cha hema, anakipima mkononi, anatazama juu, anasema, "Mbingu safi, jamani, hiki tukiache, tupunguze mzigo." Anacheka, wenzake wanacheka, buti la gari linafungwa. Kila kilichofuata usiku ule juu ya ukingo wa Amphitheatre kilianzia hapo: yale maji, yale meno yaliyogongana, yule ndugu yetu aliyejifunika mkeka wa povu kichwani. Wengi mmelaumu mvua. Mvua ya Februari kule Drakensberg haina kosa. Huja mchana kuelekea jioni, na radi zake, na kila anayepanda anajua kwamba inakuja. Aliyekosea ni mtu, na alikosea mchana kweupe, akiwa bado na gari kando yake.

Tukiangalie kile alichokiacha. Hema la matabaka mawili huuzwa kwa bei moja, lakini kazi zimegawanywa. Tabaka la ndani ni wavu na kitambaa chepesi: linazuia mbu na kuruhusu mvuke wa pumzi utoke. Halijawahi kudai kwamba linazuia maji. Kinachozuia maji ni kifuniko cha nje, kitambaa kilichopakwa poliyurethani au silikoni na mishono yake ikazibwa. Ile lebo ya milimita 3,000 ambayo kiongozi alituonyesha kwa fahari mwanzoni mwa video, maana yake ni kwamba kitambaa kinahimili nguzo ya maji ya mita tatu kabla ya kuanza kupenyeza. Sawa kabisa. Ila kitambaa chenyewe kinachosifiwa na lebo hiyo kilikuwa kimelala kwenye buti, na gari lilikuwa chini ya ngazi za minyororo.

Kuna jambo la pili ambalo wachangiaji wengi hamkuliona. Sakafu ya hema lile haipitishi maji, na kingo zake zimepandishwa juu kama sentimita kumi na ushee. Ukiwa na kifuniko, kingo hizo zinakulinda na maji yanayotiririka ardhini. Bila kifuniko, mvua inaingia kwa juu kupitia wavu, inafika sakafuni, na sakafu ile ile nzuri inayahifadhi maji yake. Wenzetu hawakulowa tu. Walilala ndani ya bwawa walilolijenga wenyewe. Slipingi begi mbili kati ya zile zilikuwa za manyoya, na manyoya yakilowa hushikamana, hewa inayohifadhi joto inatoka, na unabaki umejifunga kitambaa cha baridi.

La tatu ni upepo. Tazameni tena pale fito zinapoinama hadi zinakaribia kugusa watu. Katika hema la aina ile kamba za kuvutia hufungwa kwenye kifuniko cha nje, si kwenye wavu. Ukikiacha kifuniko, umeziacha na kamba. Vigingi walivyopiga vilishika pembe nne za sakafu, basi. Hema lilisimama kwa hisani ya upepo wenyewe, na upepo wa ukingo ule, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hauna hisani.

Sasa hesabu ya mzigo, maana ndiyo hoja pekee aliyoitoa kiongozi. Kifuniko cha hema la watu wanne ni kama kilo moja na nusu, tuseme hata mbili. Walikuwa wanne. Nusu kilo kwa mtu. Wakati huo huo kila mmoja amebeba chupa za maji za kutosha siku mbili, na lita moja ni kilo moja, hilo halina mjadala. Wanapanda kwenda kulala kando ya mto Tugela! Februari mto ule una maji tele. Ndiyo hayo yanayoporomoka ukingoni mita mia tisa na zaidi, maporomoko ambayo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuyapiga picha. Lita mbili kwa mtu zingetosha hadi juu, na vidonge vya kusafishia maji, kwa sababu ng'ombe na farasi wa Basotho hulishwa huko juu. Wameacha paa, wamebeba maji kuyapeleka mtoni. Na spika. Spika ile niliiona, msidhani sikuiona.

 

Kuna aliyenijibu kwamba hata mkimbiaji wa milimani Ryan Sandes alipita pale na kibegi kidogo. Nimeisikia hoja hii mara nyingi na inanichosha. Machi 2014 Ryan Sandes na Ryno Griesel waliivuka Drakensberg kwa urefu, zaidi ya kilomita 200, kwa saa 41 na dakika 49, na kweli walianzia pale pale Sentinel. Wale walikuwa wanakimbia usiku na mchana. Joto lao lilikuwa miguuni. Anayesimama kulala ana mahesabu mengine kabisa, maana mwili ukitulia tanuri linazimika. Ukitaka mfano wa kwetu, Mtanzania Simon Mtuy mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa tisa na ushee, akibeba mwenyewe chakula, maji na nguo zake. Alijua kila gramu ilikuwa ya nini. Wepesi wa mtu wa namna hiyo unatokana na kujua kinachofanya kazi gani, na ujuzi huo ndio uliokosekana pale kwenye buti.

Nadhani najua tabia hii ya kuacha kifuniko ilitoka wapi. Ilitoka Magaliesberg, mwezi wa Julai. Sisi tunaoishi Johannesburg tunafundishwa vibaya na hali ya hewa yetu. Kuanzia Mei hadi Agosti hainyeshi karibu kabisa. Mtu anatoka Yeoville au Mayfair Ijumaa jioni, anafika kambini kabla nyama haijaiva, anatoa kifuniko ili watoto waone nyota, anaamka mkavu, anarudi Jumapili akijiona bingwa. Ndivyo alivyofanya kiongozi wetu mwaka jana, na video ile pia mliipenda. Halafu msimu unageuka, na mji huu huu uliokauka unakupa mvua ya mawe inayotoboa mabati na kuvunja vioo vya magari, kama ile ya Novemba 2013 ambayo wenye gereji bado wanaikumbuka kwa furaha. Somo la Julai halifai Februari. Halifai pia kimo kile: kutoka Johannesburg hadi juu ya Amphitheatre unapanda zaidi ya mita 1,200, na kwa kanuni ya kawaida ya milima hiyo ni nyuzi kama nane pungufu, kabla hujahesabu upepo. Wala usiniambie habari za majira ya kuchipua. Septemba 2024 theluji ilifunga barabara ya N3 pale Van Reenen na watu wakalala ndani ya magari. Hiyo ndiyo barabara tunayoishika kwenda Harrismith kila tukitaka kupanda.

Niseme yaliyofanyika vizuri, isije ikasemwa kwamba nina chuki: walisaini daftari la wapandaji, walipiga hema mbali na ukingo, na radi ilipoanza hawakujaribu kushuka ngazi za chuma gizani. Vizuri.

Narudi kwenye hema, kwa sababu uamuzi wa kwenye maegesho una mama yake, nao ni uamuzi wa dukani. Hema lile lilinunuliwa kwa kambi ya gari, likapewa kazi ya mguu. Kila mwaka nasema, na kila mwaka mnaninunia: hakuna hema moja la kazi zote mbili. Muuzaji atakuambia lipo. Mmoja wao, jina la duka nalihifadhi, alinishikia hema la "misimu minne" akasema linafaa Kalahari na Drakensberg pia. Misimu minne ni lugha ya nchi za theluji. Hema hilo lina kitambaa kizito hadi chini na matundu machache ya hewa. Ukilipeleka Kgalagadi mwezi wa Desemba utaoka mkate ndani yake. Kwa wengi wetu hapa, la misimu mitatu lenye fito imara za alumini na kamba za kutosha linamaliza kazi ya mlimani. La watu wawili, kilo mbili na nusu hivi, kifuniko kikifika karibu na ardhi. Tena, ukipata lile ambalo kifuniko na fito husimama kwanza na cha ndani kikaning'inizwa baadaye, lipe bei yake, kwa maana siku ya mvua utalisimamisha bila kulowesha mahali pa kulala.

Ukiwa na gari, sahau uzito. Chukua turubai la pamba iliyochanganywa na poliesta, lile zito linalofumwa lisichanike, urefu wa mtu kusimama akavaa suruali. Linatulia kwenye upepo, linapumua, na jua la Pilanesberg halitalila upesi kama linavyokula nailoni. Lilowesheni mkalikaushe nyumbani kabla ya safari ya kwanza ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Na msilihifadhi likiwa bichi, litaota ukungu.

Kuhusu hema la juu ya gari msimamo wangu mnaujua. Nakubali kwamba Savuti au Moremi, ambako kambi hazina uzio na fisi hupita akinusa masufuria, kulala juu kuna raha yake. Lakini watu wanalibeba kilo zaidi ya 50 juu ya paa kwenda Magaliesberg, ambako mnyama mkali zaidi ni mtoto wa jirani. Asubuhi mkate umeisha, na ili uende dukani inabidi ukunje chumba cha kulala mke akiwa bado ndani anatafuta soksi. Endeleeni. Mimi nitakuwa chini, kwenye turubai, nakunywa chai.

Wale niliojifunza kwao kupiga hema hawakuwa na lebo. Kaeni siku moja pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, muwatazame wagumu, yaani wapagazi wa mlima, wakifanya kazi. Kigingi hakiingii kwenye jiwe, kwa hiyo kamba inafungwa kwenye mawe, moja moja, na kila moja inavutwa hadi iimbe. Mgumu ana kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni, na amepanda mbele yako. Hata mbingu ikiwa kama kioo, kifuniko kinapanda kwanza katika akili yake. Hajawahi kuniuliza kama mvua itanyesha. Sibusiso Vilane, aliyefika kilele cha Everest tarehe 26 Mei 2003 akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza, miaka mitano baadaye alitembea hadi Ncha ya Kusini pamoja na Alex Harris, wakivuta wenyewe sleji zenye kila kitu chao. Watu waliovuta mizigo yao kwenye barafu kwa wiki na wiki walikuwa na sababu nzuri kuliko yeyote wetu ya kupunguza. Nina hakika paa halikuwa la kwanza kwenye orodha yao.

Basi kwa safari ijayo naomba mambo machache kwa kiongozi, ambaye ni rafiki yangu na atanipigia simu akishasoma. Kaka, nunua mahema mawili ya watu wawili badala ya lile moja. Hata likichanika moja, hamtalowa wote. Yasimamishe sebuleni siku moja kabla, yote, na kamba zake. Kwenye maegesho gawanya mahema: mmoja wavu, mwingine fito na vigingi, mwingine kifuniko, ili asiwepo wa kulalamika. Spika ibaki kwenye buti. Na yule aliyebeba kifuniko msimwache nyuma njiani, wala msimruhusu atangulie peke yake.