Begi la Mwenda Gjoa Haven

Kufungasha mizigo huachiwa usiku wa mwisho, kazi ya kubana nguo na kukalia begi mpaka zipu ikubali. Naona tunaudhulumu ufundi huu. Anayekwenda kijiji cha mbali kujifunza huanza masomo pale anapolikabili begi tupu, maana kila anachotia ndani ni dai kuhusu mahali ambapo hajapaona: kwamba baridi yake ni ya namna fulani, ardhi yake iko hivi, wenyeji wake wana hiki na hawana kile. Dai lisilo la kweli atalibeba mgongoni safari nzima. Ushahidi wa jambo hili uko wazi mno katika kisiwa cha King William, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako kijiji ni kimoja tu, Gjoa Haven, chenye watu zaidi ya elfu moja, wengi wao Wainuit, na hakuna barabara ya kukifikia.

Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, akitafuta njia ya bahari ya kupita juu ya bara la Amerika. Meli zilinaswa na barafu karibu na kisiwa hicho, na watu wote 129 wakaangamia. Mwaka 1859 msafara wa Francis Leopold McClintock ulikuta pwani ya magharibi mashua iliyopandishwa juu ya sleji, vyote viwili vikikadiriwa kuzidi kilo 600, vya kukokotwa na binadamu. Ndani mlikuwa na mifupa ya watu wawili. Mlikuwa pia na vijiko na uma za fedha, leso za hariri, sabuni, ndara, vitabu, chai na chokoleti. Miaka 44 baadaye Mnorwe Roald Amundsen alitia nanga upande wa pili wa kisiwa hichohicho, na wenzake sita katika meli ndogo iitwayo Gjøa, ambayo ndiyo iliyokipa kijiji jina lake la kigeni. Alikaa hapo karibu miaka miwili akijifunza kwa Wanetsilik, wenyeji wa eneo hilo. Walimwonyesha kuvaa ngozi za karibuu, kulungu wa kaskazini, kwa tabaka mbili, ya ndani manyoya yakielekea mwilini na ya nje yakielekea upepo, zikiwa pana ili hewa ipite na jasho lisigande. Kwa maarifa hayo alifika Ncha ya Kusini Desemba 1911, na watu wake wote wakarudi salama.

Msomaji makini atapinga kwamba vijiko havikumuua mtu. Ni kweli. Njaa, maradhi na baridi vilishirikiana, na nchi ile isingeweza kulisha watu zaidi ya mia moja kwa mpigo kama ilivyowafaa saba wa Amundsen. Nakubali yote hayo, na bado sioni kwamba yanakifuta nilichosema. Kijiko cha fedha nakichukua kama shahidi tu. Kinatuambia kwamba waliopakia mzigo ule waliisoma nyumba waliyotoka, si nchi waliyokuwa wakiikanyaga, ilhali kisiwani humo familia zilikuwa zikiishi, zikizaa na kuzeeka.

Majira ya joto ya sasa yana mitihani yake, midogo lakini ya aina ileile. Chini ya udongo wa Gjoa Haven kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima. Kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, kwa hiyo maji hayana pa kuzama, yanatuama, na kila hatua nje ya kijiji ni tope. Gambuti nzuri hapo zinashinda viatu vya bei kubwa vya kupandia mlima. Maji hayohayo huzaa mbu kwa wingi wa kutisha. Msomaji wa Afrika Mashariki atafikiria vidonge vya malaria, lakini malaria haipo huko, na kinachohitajika ni chandarua cha kichwa. Shati la pamba, rafiki yetu wa miaka yote, likilowa hunyonya joto la mwili, wakati sufu huendelea kushika hewa hata ikiwa mbichi. Kwa wiki kadhaa jua halizami kabisa, kwa hiyo kitambaa cha kufunika macho kina uzito mdogo na thamani kubwa. Na zaidi ya yote, nguo za kazi! Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe ni nyavu na kisu cha kupasulia samaki, na anayeogopa damu na mafuta kwenye koti lake atabaki mtazamaji.

Kuna watakaosema kwamba orodha tayari zipo, na kwamba kilichosahaulika kitanunuliwa dukani. Orodha inasaidia, ila imeandikwa kwa mtu yeyote aendaye popote penye baridi, na haijui kama unakwenda kuvua, kushona au kusikiliza wazee. Hoja ya duka ndiyo dhaifu kabisa. Bidhaa nzito hufika kwa meli bahari inapofunguka, mwishoni mwa kiangazi. Mgeni wa Julai anakuta akiba ya mwaka uliopita ikielekea ukingoni, na vingine vyote vimepanda ndege kwa gharama inayoonekana kwenye bei. Anachonunua kwa uzembe kinatoka kwenye rafu inayowatosha wenyeji kwa shida. Ndiyo maana sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu zaidi hufanyika kabla begi halijatolewa uvunguni: kuwaandikia wenyeji, kuuliza nini kimeadimika mwezi huo, kisha kupunguza nguo zako mpaka kitu hicho kipate nafasi.