Kidole Kwenye Baiti ya 40

Umeme ulikatika nikiwa narekodi simulizi za bibi, kompyuta ikazimika. Uliporudi nililikuta faili lipo, limejaa megabaiti zaidi ya 300, lakini kila nikilifungua linadai lina sekunde sifuri.

Sauti haikupotea. Faili la WAV la kawaida lina kichwa cha baiti 44, na humo huandikwa urefu wa sauti inayofuata. Sasa, programu itaujuaje urefu kabla bibi hajamaliza kusimulia? Huacha nafasi, hurekodi, na mwisho kabisa hurudi mwanzoni kuijaza. Yangu haikuwahi kurudi.

Kurudi huko ni ufundi. Faili likifunguliwa huwekewa kidole, kama cha mtoto wa chuoni anayefuatisha herufi za juzuu. Ukisoma baiti kumi, kidole husogea kumi. Ukitaka kukihamisha bila kusoma, Unix inakupa lseek, nawe unahesabu tangu mwanzo wa faili, tangu hapo ulipo, au tangu mwisho. Ile "l" ya mbele ni ya namba ndefu: seek ya zamani ilihesabu kwa biti 16, ikagota kwenye 65,535, na kwa faili kubwa zaidi ilibidi uende kwa vipande vya baiti 512. Toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, likaondoa adha hiyo.

Ukikipeleka kidole mbali kupita mwisho wa faili, ukaandika huko, hakuna atakayekugombeza. Pengo husomeka sifuri tupu, na mara nyingi halili hata nafasi ya diski. Kwenye bomba linalounganisha programu mbili, lakini, utakataliwa. Yaliyopita humo yamepita.

Nikaandika mistari michache ya C. Kidole mwisho, niulize kimesimama wapi: huo ndio ukubwa. Nikarudi baiti ya 4, nikaandika ukubwa ukitoa 8. Nikaenda ya 40, nikaandika ukubwa ukitoa 44. Baiti nane tu nilizigusa kati ya mamilioni, na bibi akasikika akikohoa, akiulizia chai yake.

Nawe ukijaribu, nakili faili kwanza. Kisha lifungue kwa "r+b", usithubutu "w": hiyo hufuta kila kitu kabla kidole hakijasogea.