Bucha haina alama ya ubora

Tarehe 1 Julai 2019, kupitia Sheria ya Fedha, usalama wa chakula uliondolewa kwa watu wa afya ukakabidhiwa watu wa viwango. TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikageuka TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Chakula na vipodozi vikahamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Wasomaji wa safu hii mnajua msimamo wangu: lilikuwa kosa, na miaka haijalipunguza.

Tuanzie buchani. Machinjioni mkaguzi wa mifugo anapasua misuli ya taya kutafuta tegu, anachana ini, anakagua tezi, anagonga mhuri. Kazi hiyo kwa kawaida wanaijua. Balaa linaanza baada ya mhuri: nyama inasafiri kwa bodaboda, inatundikwa dirishani, inakatwa kwa shoka juu ya gogo lenye nyufa zilizohifadhi damu ya juzi, utumbo na steki vikipita kisu kimoja. (Gogo nimelipigia kelele mpaka mmenichoka. Nitaendelea.)

Uchafu huo hauna pakiti, hauna namba ya toleo, hauna tarehe ya kuisha muda. TBS, tangu sheria yake ya 1975, imelelewa kwenye bidhaa: chukua sampuli, peleka maabara, toa alama. Kwa unga wa pakiti na maji ya chupa, sina neno. Lakini kilo ya nyama iliyochinjwa alfajiri, majibu ya maabara yatakuta imeshaliwa na sufuria imeoshwa. Buchani unakagua mahali na mikono ya watu, na anayeweza kufanya hivyo ni bwana afya aliyesimama pale pale, akiwa na uwezo wa kusema nyama hii haiuzwi.

Sasa bwana afya huyo mtazameni amesimama wapi. Mwajiri wake ni halmashauri. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 iko Wizara ya Afya. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006 iko Mifugo. Chakula kiko Viwanda. Mtu akiharishwa na supu ya asubuhi, taarifa yake inapanda kutoka zahanati hadi Afya, wakati supu yenyewe ina msimamizi katika wizara nyingine. Zamani taarifa ya mgonjwa na mamlaka juu ya chakula vilikutana kwa waziri mmoja. Na kichekesho chenyewe: baadaye TBS ikakasimu baadhi ya majukumu kwa halmashauri, yaani kwa maofisa wale wale wa afya, safari hii kwa kuzungukia Viwanda.

Waliotetea mabadiliko hayo walisema MKUMBI (mpango wa kuboresha mazingira ya biashara), mwingiliano wa taasisi, tozo nyingi. Kupunguza tozo kulikuwa jambo jema. Mwingiliano ulikuwepo pia, lakini ulikuwa hasa kwenye bidhaa za viwandani, na ungekatwa hapo hapo: pakiti TBS, bucha na mgahawa Afya. Badala yake waling'oa kazi nzima, miezi michache tu baada ya TFDA kutambuliwa na WHO, Desemba 2018, kuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu. Daraja hilo lilikuwa la udhibiti wa dawa, najua. Lakini nidhamu ya ukaguzi ilikuwa ya nyumba moja.

Kumbukeni sumukuvu ya mwaka 2016, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Wataalamu wa chakula na wa magonjwa walikwenda hadi kwenye kaya, wakapima mahindi ya waathirika wenyewe. Na kabla yao walikuwepo mabwana afya wa enzi za kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, ambao hakuna aliyejua watafika lini. Siku hizi ukaguzi unatangazwa, unakuja na kamera, na muuza nyama unamkuta na koti jeupe ambalo mikunjo ya dukani bado haijanyooka.

Ukaguzi wa bucha, mama lishe na migahawa urudi Afya, TBS wabaki na pakiti zao. Bwana afya apewe kwa maandishi mamlaka ya kuteketeza, bila kugeuzwa mkusanya mapato ya halmashauri. Na apewe usafiri wa saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ofisi inapofunguliwa saa moja na nusu, nyama ya supu iko jikoni tayari.