Sikio la Mwambaji

Mzee aliyekuwa akiwamba ngoma pale kwenye makumbusho ya Bujora hakuitazama alipoijaribu. Aliinamisha kichwa, akapiga mara moja, akairudisha juani. “Bado, mwanangu.” Mimi sikusikia kasoro yoyote.

Nikamkumbuka mtaalamu wa usingizi niliyemsaidia nikiwa muuguzi mwanafunzi. Mgonjwa alikuwa ameketishwa, anapasuliwa fuvu kisogoni. Kichwa kikiwa juu ya moyo, mshipa uliokatwa ndani ya mfupa haunywei. Hufyonza hewa, na hewa hushukia moyoni. Kidude cha dopla, bapa kama sarafu, kilibandikwa kuume kwa mfupa wa kifua, na chumba kizima kikawa kinasikia damu ikipita: shwaa, shwaa, shwaa. Baada ya saa moja sisi wengine tulishaizoea sauti ile, hatuisikii tena. Yeye aliisikia kila pigo.

Mara ikakwaruza. Presha ilikuwa haijashuka, mashine nyingine zote kimya. “Hewa, daktari,” akasema taratibu. Daktari wa upasuaji akamwagia kidonda maji ya chumvi, kitanda kikalazwa, naye mtaalamu wa usingizi akavuta kwa bomba la sindano povu jekundu kutoka kwenye mpira uliofika karibu na moyo. Shwaa, shwaa. Ikarudi.

Tangu 1968 imejulikana kwamba mawimbi ya sauti ya dopla hunasa hewa kidogo mno. Kwa stetoskopu peke yake, husikika pale tu damu na hewa zinapochafukana moyoni kama maziwa yanayosukwa kibuyuni; na mpaka sauti hiyo ije, wakati umekwenda.

Lakini dopla huileta sauti tu. Kuitambua ni kazi ya sikio, na sikio haliji ndani ya boksi la mashine. Hupatikana kwa kukaa miaka kando ya anayejua. Siku hizi nimeuona mkono ukiipunguza sauti ile kwa kuwa inasumbua, macho yakabaki kwenye skrini. Iliniuma.

Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, alituachia mahali pa kuhifadhi ngoma za watemi. Mti umehifadhiwa, ngozi imehifadhiwa. Sikio la mwambaji halina kabati.

Jua lilipokolea, mzee akapiga tena, akatikisa kichwa kukubali. Nikamtafuta kando yake kijana wa kuisikia tofauti ile. Hapakuwa na mtu.